King'ora Kabla ya Saa Saba

Nkoma, Mbale
Jumatatu, 19 Machi 1979

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa kupitia dari langu. Sufuria mbili na karai moja ziko sakafuni, na kila moja inadondokewa kwa mpigo wake, hazipatani hata kidogo.

Shule haijafungwa wala haijafunguliwa. Mwalimu mkuu anakuja kila asubuhi, anaigonga mwenyewe ile rimu ya lori tunayoiita kengele, halafu anasimama kusubiri. Leo wamekuja wanafunzi sita. Wa kidato cha sita, ambao ndio wangu, amekuja mmoja, naye alikuwa anarudisha kitabu. Nimemfundisha fizikia kwa dakika arobaini hivyo hivyo, amesimama na kitabu chake mkononi, mpaka akaomba ruhusa ya kwenda haja na hakurudi.

Nimeamua kuandika shajara ili nisigombane na watu. Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, marehemu baba, karani wa reli, alitulea nacho mimi na mdogo wangu Isa kule Walukuba, Jinja, na barua tukikosea aliturudishia zikiwa na wino mwekundu. Ya pili, mke wangu Khainza hakisomi. Anasema ni lugha ya kuambiwa ulale chini. Simlaumu, maana miaka minane hii hajakisikia ila kwenye vizuizi vya barabarani. Lakini inanipa uhuru wa kuandika hapa kwamba chai ya leo haikuwa na sukari, wala majani, wala, kwa maoni yangu, chai.

Jumatano, 28 Machi

Dereva mmoja Mkenya ameniletea bahasha kutoka kwa rafiki yangu wa Nairobi. Makala ya fizikia, kurasa kumi na moja, imepigwa kwa stensili, wino umefifia. Nimeiomba kwa miaka miwili. Nimeisoma mara mbili na sijaelewa, na nimekasirika.

Ijumaa, 30 Machi

Mvua. Makala, mara ya tatu. Bado.

Jumanne, 3 Aprili

Ngoja niiandike kwa maneno yangu, labda kosa ni la Kiingereza chao.

Kuna chembe mbili, ndogo kupita kiasi, zinazaliwa pamoja mahali pamoja kama pacha, halafu zinaachana, moja mashariki, nyingine magharibi. Hakuna ajuaye hali ya yoyote kati yao. Makala inasisitiza kwamba zenyewe hazina hali mpaka zipimwe. Ukiipima ya mashariki ukapata juu, anayepima ya magharibi atapata chini. Kila mara, hata kama zimeachana mbali kiasi kwamba hakuna habari, hata iendayo kwa kasi ya mwanga, ingewahi kutoka huku ikafika kule.

Mwenye akili zake atauliza: ipi ilipimwa kwanza, ikamwamrisha mwenzake? Makala inajibu kwa utulivu unaoudhi kwamba hakuna kwanza. Mtazamaji anayepita kwa kasi upande huu ataona ya mashariki ilitangulia. Anayepita upande ule ataona ilitangulia ya magharibi. Wote wawili wako sahihi. Kwa hiyo, wanaandika, hakuna kipimo kati ya hivi viwili kinachoweza kuwa sababu ya kingine.

Hiyo "kwa hiyo" inanikera mno. Watu wawili wakipingana kipi kilitangulia, mmoja amekosea au mmoja ni mwongo. Nimefundisha miaka kumi na saba, nimeamua kesi za ngumi zisizo na idadi, na haijatokea hata siku moja kwamba wote wawili wako sahihi.

Nilimweleza Khainza kwa kifupi. Akasema, "Baba Zaina, wenzako wakati wa vita wanatafuta sabuni. Wewe umetafuta pacha wasioonekana."

Alhamisi, 12 Aprili

Redio inasema Kampala imeanguka. Majirani wanashangilia kimya kimya, madirisha yamefungwa. Wanajeshi wa serikali iliyopita wanapita mjini na chochote chenye magurudumu. Nimeificha baiskeli darini, chini ya tundu la mvua. Itaota kutu, lakini itakuwa kutu yangu.

Jumatatu, 16 Aprili

Mvua. Hakuna chumvi mjini kote.

Jumamosi, 21 Aprili

Mvua asubuhi, jua mchana. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 27 Aprili

Watanzania wamefika Mbale. Khainza amesikia askari akimwambia bibi mmoja sokoni "samahani mama, naomba kupita," akarudi nyumbani akanisimulia kama mtu aliyeona maajabu. Ningeliandika hilo kwa furaha kama leo asingefika Odhiambo.

Odhiambo ni Mkenya, fundi wa magari. Gereji yake iko njia panda ya Walukuba, na ni rafiki wa Isa wa miaka mingi. Alikuja juu ya lori la magunia, akasimama mlangoni maji yakimchuruzika, akakataa kukaa.

"Mwalimu, Isa ameshikwa. Na heri ameshikwa, maana watu walikuwa wanataka kumchoma."

Isa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Yeye ndiye anayewasha king'ora cha mwisho wa zamu. Jumamosi zamu inaisha saa saba mchana. Jumamosi iliyopita, siku moja kabla Watanzania hawajaingia Jinja, king'ora kililia kabla ya wakati. Wafanyakazi wakatoka getini wakashika barabara ya kwenda majumbani, kama wafanyavyo kila siku kikilia. Wakati huo lori la wanajeshi wanaokimbia lilikuwa pale njia panda, linapiga risasi ili kunyang'anya gari la mtu. Likakata kona, likaingia barabara ya kiwanda, likiendelea kupiga. Watu tisa wamekufa.

Walukuba nzima inasema king'ora kilikuwa ishara ya Isa kwa wanajeshi: watu wanatoka, wapigeni. Kwa nini wanajeshi wanaokimbia wangehitaji ishara, hakuna anayeuliza. Wenye maiti tisa hawana nafasi ya swali hilo, na jina la Kiislamu siku hizi linatosha kuwa ushahidi.

Baada ya Odhiambo kuondoka nilifungua shajara kwenye tarehe ishirini na moja. Nimeandika hakuna la kuandika. Nimetaka kuuchana ukurasa ule, nikashindwa.

Walukuba, Jinja
Jumatatu, 30 Aprili

Nimemwona Isa. Watanzania wamemfungia kwenye stoo nyuma ya kituo cha polisi. Amekonda, na ana jeraha juu ya jicho ambalo Odhiambo hakunitajia.

Mkuu wa hapo ni Luteni Aloysius, kijana wa Bukoba. "Karibu ukae, Mwalimu. Samahani, kiti hicho kimepungukiwa mguu mmoja, uegemee ukutani." Niliegemea. Nilimwonea wivu Kiswahili chake, nikajikasirikia kwa kuwaza hilo wakati ule.

Hakunizungusha. Jumamosi tarehe kumi na mbili kikosi chake kinaondoka kwenda kaskazini. Siku hiyo lazima amwachie Isa, au ampeleke Kampala na faili lake. "Na faili likienda kama lilivyo sasa, Mwalimu, sidhani kama utamwona tena ndugu yako."

Nikaruhusiwa robo saa na Isa. Nikamwuliza kilichotokea.

"Kaka, nilisikia risasi. Nikawasha king'ora kuwaonya watu wasitoke."

"Lakini king'ora kikilia ndipo wanatoka, Isa. Hakijawahi kuwa na maana nyingine."

"Nilichanganyikiwa. Nilitaka tu kuwaonya."

"Risasi zilitangulia? Una hakika?"

"Wallahi, kaka."

Basi kazi ni ndogo. Nikipata watu wa kutosha waliosikia risasi kwanza, king'ora hakiwezi kuwa ishara yake. Nimelala kwa Odhiambo, kati ya magurudumu.

Jumatano, 2 Mei

Odhiambo ndiye shahidi wangu wa kwanza. Yeye alikuwa pale pale njia panda. "Mimi nilikuwa chini ya gari, spana mkononi. Nikaskia risasi: ta-ta-ta! Nikashtuka, nikagonga kichwa kwa chuma. Hata sijaanza kutukana, king'ora kikalia. Risasi kwanza, Mwalimu. Uvimbe si huu hapa?"

Mchana nikaenda nyumba za nyuma ya kiwanda, upande wa ziwani, kwa Nangobi. Mume wake, Bogere, alikuwa mtu wa mashine za kukamua, na ni mmoja wa wale tisa. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Alijua mimi ni nani, akanipa mkeka hata hivyo. Tulizungumza Lusoga, lugha ya huku.

"King'ora kilitangulia," akasema. "Nilikuwa nimeinjika viazi. Kikalia, nikajisemea, ala, leo Bogere anakuja mapema na viazi bado vibichi. Nikanyoosha mkono nifunue sufuria nivitazame. Mkono haujafika kwenye mfuniko, nikasikia bunduki kwa mbali."

"Huenda unakumbuka vibaya, mama. Ni siku ya msiba."

"Wakati ule haikuwa siku ya msiba," akasema. "Ilikuwa siku ya viazi."

Ijumaa, 4 Mei

Baada ya swala ya Ijumaa nimezunguka mpaka viatu vimeachia soli. Risasi kwanza: watu wanane. King'ora kwanza: kumi na mmoja. Wote wana hakika, na wote wanaapa. Nusu ya watu hawa nimekua nao, tumeogelea pamoja, na sasa nawatazama mmoja mmoja nikiuliza ni nani aliyewafunza uongo huu.

Jumamosi, 5 Mei

Mvua.

Jumapili, 6 Mei

Nimefanya jambo la aibu. Nilirudi kwa Nangobi nikamwambia chuki imemharibia masikio.

Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Mwalimu, chuki yangu ilianza baada ya bunduki. Masikio yangu yalikuwepo kabla."

Nimetoka bila kuaga.

Jumanne, 8 Mei

Siku nne zimebaki.

Mvua ilituzuia ndani asubuhi nzima. Kwa hasira tu, si kwa hekima yoyote, nilichora Walukuba kwa chaki kwenye sakafu ya gereji: kiwanda, barabara, njia panda, nyumba za ziwani. Nikamwomba Odhiambo kokoto na mahindi. Kila aliyesikia risasi kwanza nikamwekea kokoto pale alipokuwa amesimama saa ile. Kila aliyesikia king'ora kwanza, punje ya hindi. Nilitaka kuona waongo wanakaa mtaa gani.

Kokoto zote zikakaa upande wa njia panda. Punje zote zikakaa upande wa kiwanda. Hakuna hata moja iliyovuka.

Odhiambo alisimama juu yangu na kikombe chake. "Mwalimu, hii ni kama mtu amepanga."

Hakuna aliyepanga. Ni sauti. Sauti inatembea, nami ndiye ninayelifundisha jambo hilo kila mwaka kwa watoto wa kidato cha pili. Aliye karibu na king'ora kinamfikia mapema na risasi zinachelewa njiani, na aliye karibu na risasi mambo yanageuka. Wote kumi na tisa walisema kweli. Nimekaa sakafuni pale nikikumbuka nilivyomwambia yule mama kuhusu masikio yake, nikaona haya mpaka shingo ikawa ya moto.

Jumatano, 9 Mei

Nimepima kwa hatua kutoka getini mwa kiwanda hadi njia panda, kisha nikarudia. Ni mita mia tisa, pungufu au zidi kidogo. Sauti inazipita kwa sekunde mbili na nusu na ushei.

Sasa naandika polepole, maana nimeliona tangu jana jioni na nimelikwepa.

Chukua kwamba Isa aliwapa wanajeshi ishara. Wangepiga baada ya king'ora kuwafikia. Basi Odhiambo, aliyekuwa pale pale walipo wao, angesikia king'ora kwanza. Na kila mtu Walukuba, popote aliposimama, angesikia king'ora kwanza, maana sauti ya king'ora ingekuwa tayari njiani kabla risasi haijatoka. Odhiambo na wenzake saba walisikia risasi kwanza. Kwa hiyo haikuwa ishara. Isa hana hatia hiyo, na naweza kuithibitisha kwa chaki.

Hapo ningependa kufunga daftari.

Lakini chukua sasa kwamba Isa alisikia risasi, ndipo akawasha. Chumba cha swichi hakina dirisha, asingeweza kuona kitu, kwa hiyo ni lazima azisikie. Basi kila mtu Walukuba, popote aliposimama, angesikia risasi kwanza. Nangobi na wenzake kumi walisikia king'ora kwanza. Mkono wake haujafika kwenye mfuniko.

Watu wanapopingana kwa haki kuhusu kipi kilitangulia, hakuna kati ya viwili hivyo kilichokuwa sababu ya kingine. Ndiyo ile "kwa hiyo" ya kurasa zangu kumi na moja. Nimeisoma labda mara thelathini na sikuielewa mpaka niliposhika kokoto na mahindi. Kwenye sauti mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu ningekuwa na saa nzuri ningeweza kukokotoa kipi hasa kilitangulia. Kwa zile chembe pacha hata hesabu hiyo haipo, wala hakuna wa kuulizwa. Lakini kanuni ni ile ile. Nimeelewa, na sijawahi kuelewa kitu nikachukia namna hii.

Kwa kuwa katika Walukuba nzima nimemtafuta mwongo kwa siku tisa, na yuko mmoja tu, ni mdogo wangu.

Alhamisi, 10 Mei

Nimemwuliza. Nilimchorea mavumbini, kiwanda hapa, njia panda pale. Alitazama mchoro muda mrefu, akaufuta kwa mguu.

"Kaka, waambie risasi zilitangulia. Unao watu wanane."

"Ninao pia kumi na mmoja."

"Waache hao."

"Uliwasha kwa nini, Isa?"

Akageukia ukuta. Robo saa yote iliyobaki nilitazama mgongo wake. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwenda chanjo alipokuwa na miaka miwili, na leo nilitaka kumzaba kibao.

Ijumaa, 11 Mei

Naweza kumpa Luteni nusu ya hesabu. Kokoto tu, bila mahindi. Nimewaza hilo kutwa. Shida ni kwamba kokoto bila mahindi ni watu wanane dhidi ya kumi na mmoja, na hapo nilikuwa tangu wiki iliyopita. Kinachomwokoa Isa ni kwamba wote wanasema kweli. Siwezi kumchukua Odhiambo nikamwacha Nangobi.

Jumamosi, 12 Mei

Luteni alinisikiliza asubuhi, akakuna kidevu, akasema, "Mwalimu, mimi ni mwanajeshi. Nionyeshe."

Tukatafuta rimu mbili za lori. Moja tuliining'iniza kwa Odhiambo, njia panda. Nyingine nikaining'iniza getini mwa kiwanda. Askari mmoja akapanda juu ya tangi la maji na shuka nyeupe. Akiiangusha tu, sisi wawili tunagonga kwa pamoja, mimi huku, Odhiambo kule. Mwanga hauchelewi kwa mita mia tisa, nikamwambia Luteni, angalau si kwa kiasi kinachotuhusu leo.

Luteni alianza kwa kusimama mlangoni pa Nangobi. Shuka ikaanguka, tukagonga. Nilimwona kwa mbali akiinua kidole kuelekea kwangu, kisha, baada ya muda, kuelekea njia panda. "Rudia!" Tukarudia mara tatu. Kisha akapanda gari lake mpaka kwa Odhiambo, tukagonga tena, na baadaye nikaambiwa askari wake walicheka. Kule rimu ya Odhiambo ilikuwa inatangulia, na yangu inafuata nyuma. Watu wakajaa barabarani. Wakaanza kukimbia kutoka upande huu kwenda upande ule ili wasikie wenyewe, wazee kwa vijana, na kwa nusu saa Walukuba ilikuwa na mchezo. Nangobi peke yake hakukimbia. Alisimama mlangoni kwake amefumba macho, akisikiliza.

Halafu tukakusanyika chini ya paa la kupakilia magunia. Isa akaletwa, mikono imefungwa mbele.

"Wangeweza kupatana kwa saa," Luteni akaniuliza. "Saa fulani kamili, huyu anawasha, wale wanapiga. Hakuna haja ya kusikilizana."

"Afande, wangehitaji saa mbili zinazokubaliana mpaka sekunde. Mji huu hauna saa mbili zinazokubaliana mpaka dakika tano."

Akatazama saa ya mkononi mwake, akatazama ile ya ukutani mwa kiwanda, akatabasamu kidogo. Ndipo akamwita Nangobi arudie alichosikia. Mbele ya afande alisema Kiswahili, kile chetu cha hapa.

"Afande, mimi nasikia king'ora kwanza. Bunduki iko nyuma. Sisemi uongo."

"Najua, mama. Leo nimesikia kwa masikio yangu. Hukusema uongo, wala yule fundi hakusema uongo." Akanigeukia. Nilijua anafika wapi, na nilitamani mvua inyeshe. "Lakini, Mwalimu, kama ni hivyo, basi na huyu ndugu yako hakuzisikia hizo risasi."

"Hakuzisikia, afande."

"Ameniapia alizisikia."

"Ndiyo, afande."

Luteni akamgeukia Isa. "Wewe si msaliti. Nimeridhika na hilo, na nitaliandika. Sasa niambie tu, uliwasha king'ora kwa sababu gani?"

Isa alitazama chini. Watu mia mbili walikuwa wanasubiri, maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Ndugu yangu ana miaka thelathini na mbili, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

"Njaa, afande."

"Sema kwa nguvu."

"Nilikuwa na njaa. Msimamizi alishakimbia, hakuna aliyekuwa anaangalia saa. Nikaona dakika kumi si kitu. Nikawasha ili niende nikale." Akaanza kulia. "Nilipofika getini ndipo nikaona. Nikajiambia nilisikia risasi. Nimejiambia mpaka nikawa nazisikia kweli. Hata sasa nazisikia, afande, nikifumba macho zinaanza zenyewe kwanza, halafu ndio mkono wangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea mawe, nilikuwa nimeshajisogeza mbele yake. Nangobi akapita katikati ya watu, akasimama mbele yetu wote wawili. Kwa Lusoga, na kwa sauti ya kawaida tu, akamwambia Isa:

"Hata Bogere alikuwa na njaa."

Akaondoka. Luteni akakata kamba mwenyewe.

Jumapili, 13 Mei

Isa amekataa kuja nami Mbale. Amekataa pia kusema nami. Nimemwacha kwenye chumba chake, ameketi kitandani na viatu miguuni. Nimemtoa kwenye faili nikamwacha na jambo ambalo alikuwa amejitahidi kulifukia. Ingekuwa ni mwanafunzi ningesema jibu ni sahihi, njia imeonyeshwa vizuri, alama zote.

Nkoma, Mbale
Alhamisi, 17 Mei

Mvua. Nimeishusha baiskeli. Ina kutu.

Jumatatu, 28 Mei

Wanafunzi wa kidato cha sita wamerudi wanne. Nimewafundisha chembe pacha. Mmoja ameuliza, "Kama hakuna iliyotangulia, Mwalimu, sababu iko wapi?" Nimemwambia iko pale zilipozaliwa, kabla hazijaachana, na hata hapo watu wanabishana. Hakuridhika. Mimi pia sikuridhika, na nilimfokea.

Jumanne, 5 Juni

Khainza ameniuliza kwa nini siku hizi siandiki sana kwenye daftari langu la afande, kama anavyoliita kwa sababu ya Kiswahili chake. Nimemsomea ukurasa wa tarehe kumi na mbili, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama Nangobi ana watoto. Sikujua. Nimekwenda kwake mara mbili na sikuuliza.

Jumamosi, 9 Juni

Mvua imepungua. Barua ya Odhiambo imefika leo kwa mkono wa dereva, nusu ukurasa, ina madoa ya grisi.

Anasema kiwanda kimefunguliwa, lakini zamu inaisha kwa kugonga rimu yetu ile, na anayegonga ni mtu mwingine. Isa hajatoka chumbani isipokuwa kwa swala. Watu wanapita mlangoni kwake bila kusema neno, si jema wala baya. Jumamosi iliyopita, saa saba mchana, Nangobi alifika na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Hakubisha hodi. Akaiweka kizingitini, akamwambia Odhiambo, aliyekuwa ameketi pale nje, "Mwambie leo vimeiva." Odhiambo akaifunua, akaona viazi vitamu na mchuzi wa karanga. Akamwingizia Isa, akampa ujumbe kama alivyoambiwa. Isa akaichukua sahani akaiweka mapajani.

Baada ya hapo Odhiambo anaandika kwamba bei ya spea za magari imepanda, hata ya fenibelti, ananisalimia mimi na mama Zaina, wasalaam.

Nimeigeuza karatasi nyuma na mbele. Nimemsomea Khainza, naye kabla sijamaliza akaniuliza swali lile lile nililokuwa nalo mimi. Na yule mjinga wa spana, aliyekumbuka kuandika bei ya fenibelti, hakuandika kama Isa alikula.